Chini ya Meza ya Cherehani

Mguu wa Zachary Kibe ulishika msuli akiwa katikati ya kushona kola. Sindano ilikuwa imezama kitambaani, uzi umenyooka, na gurudumu la cherehani likasimama ghafla. Hakupiga kelele. Alishika ukingo wa meza kwa mikono miwili, akafumba macho, akangoja shavu la mguu wake wa kulia limalize lililotaka kufanya. Mafundi wenzake kwenye veranda ya duka la Kishore waliendelea kukanyaga pedali zao. Walishazoea kumwona hivyo, na Novemba si mwezi wa fundi kutazama mguu wa mwenzake. Shule zinafunguliwa Januari, na Kitale nzima hushona yunifomu.

Utaratibu wa veranda hiyo ulikuwa wa miaka mingi. Mteja anaingia dukani kwa Kishore, ananunua kitambaa, anatoka nacho mkononi, na fundi wa kwanza anayekutana naye mlangoni ndiye anayempima. Kibe ndiye aliyekaa mlangoni. Hakulipa kodi. Alichotakiwa ni kuwahi asubuhi, kutokunywa pombe, na kutoharibu kitambaa cha mwenye duka. Mtu anaweza kuzeeka mahali kama hapo bila kujua kwamba ni pazuri, mpaka siku atakapoona mwingine anapatazama. Mwaka huo wa 2006 aliyepatazama alikuwa Kiptanui, fundi wa mtaa wa pili mwenye cherehani ya mota ya stima, mtu asiye na ubaya wowote isipokuwa miguu mizima.

Nyaruai, mke wa Kibe, alifika na githeri, mahindi na maharagwe, ndani ya mkebe akamkuta mumewe ameuma meno. Aliuweka mkebe chini, akapiga magoti pale pale kwenye saruji, akaanza kufungua kamba za kiatu. Kibe alimwambia kwa sauti ya chini kwamba watu wanaona. Nyaruai alimalizia fundo la mwisho. Alivua kiatu, na soksi ikaonyesha tundu kubwa kisiginoni mbele ya wanawake waliokuwa wakichagua vitenge. Mmoja alicheka, si kwa ubaya, kama mtu anavyocheka akiona fundi wa nguo na soksi iliyotoboka. Nyaruai alishika kisigino kwa mkono mmoja, kwa mwingine akavuta kidole gumba kuelekea gotini, polepole, mpaka msuli ukaachilia.

Alipoinua kichwa, Kishore alikuwa amesimama mlangoni na miwani yake mkononi. Alimuuliza Kibe kama kazi ya mwalimu itakwisha. Mwalimu Wekoye wa shule moja huko Kamukuywa alikuwa amenunua robota zima la kitambaa cha buluu kwa ajili ya gauni za wasichana, za darasa la kwanza mpaka la nane, zenye kola nyeupe, na Kishore mwenyewe ndiye aliyemwambia ampe Kibe kazi yote. Kibe alijibu kwamba itakwisha.

"Fundi, mimi sitaki kukutoa hapa," Kishore alisema. "Tumekaa na wewe miaka mingi. Lakini mwalimu akija kabla ya Krismasi akose nguo, mimi nitaweka mtu mwingine kwa mlango. Sasa nifanye nini?"

Hakuongea kwa sauti kubwa, lakini veranda nzima ilisikia, na pedali zote zikapunguza mwendo ili zisikie vizuri zaidi. Kibe alivaa soksi yake. Nyaruai akamfunga kiatu.

*

Nyumbani kwao, mtaa wa Mitume, hawakuwa wakigombana. Ingekuwa afadhali kama wangegombana. Tangu Aprili, walipomzika binti yao Kabura aliyekuwa darasa la saba, walizungumza habari ya chumvi, mafuta ya taa na kufuli la mlango, basi. Nyaruai aliacha kuuza mboga sokoni, na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Hakulia wala hakuona haja ya kulia. Alikuwa kama mkono uliolaliwa: upo, unauona, lakini ukiufinya hausikii.

Kitu kimoja tu kilikuwa kimebaki kati yake na mumewe, nacho ni huo mguu. Alfajiri, kabla jogoo wa jirani hajamaliza kuwika, Kibe angesema, "Mama Kabura. Mguu." Nyaruai angeamka, atoe blanketi, ashike kisigino, avute kidole. Ukiisha kulegea, angerudisha blanketi. Hakuna mtu mwingine aliyemwita Mama Kabura tena. Majirani waliona ni huruma kutolitaja jina hilo, na hapo ndipo huruma yao ilipokosea.

*

Siku iliyofuata Deepika, mke wa Kishore, aliteremka kutoka ghorofani na chupa nyeupe ya plastiki. Alikuwa ameona ya jana kutoka dirishani. Alisema yeye pia alikuwa akikamatwa na miguu mpaka analia, na dada yake aliyeko Leicester, Uingereza, humtumia vidonge vya magnesiamu. Vilikuwa vimemsaidia. Chupa ilikuwa nusu. Alimpa Nyaruai mkononi, kwa sababu aliona Kibe hatainua wa kwake kuipokea.

"Kimoja baada ya chakula cha jioni," alisema. "Usiongeze, mama. Ukiongeza, tumbo litaendesha. Na aende hospitali kwanza waangalie figo. Mtu wa figo mbaya hapewi hii." Kisha akamgeukia Kibe. "Wewe unakunywa maji, fundi?"

Fundi wa pembeni, mzee Ngige, ndiye aliyemjibu huku akicheka. "Mama, fundi akikunywa maji ataenda choo wapi?"

Ilikuwa kweli, na wote walijua isipokuwa Deepika. Choo cha duka kilikuwa cha watu wa duka. Cha umma kilikuwa kule stendi, na kabla fundi hajarudi kutoka stendi mteja wake ameshapimwa na jirani. Kwa hiyo mafundi wa veranda walifika asubuhi wakiwa wakavu, wakashona wakavu, wakaenda nyumbani jioni kunywa maji kama ngamia. Kishore alitazama viatu vyake mwenyewe. Deepika aliingia ndani, akatoka na ufunguo wenye kamba nyekundu, akautundika kwenye msumari nyuma ya mlango, mahali ambapo fundi yeyote angeufikia bila kuomba.

Hospitalini daktari alimpima Kibe, akasema figo zake ni sawa. Kuhusu vidonge alisema wako watu vinaowasaidia na wako ambao haviwasaidii kitu. Ajaribu wiki kadhaa, anywe maji, anyooshe mguu kabla ya kulala. Nyaruai alisikia zile wiki kadhaa na akafikiria robota la buluu.

Jioni hiyo Kibe alikitazama kidonge mezani kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama. Alisema amefika mahali pa kupewa mabaki ya dawa za watu.

"Meza," Nyaruai alimwambia.

Akameza.

*

Mguu haukungoja vidonge. Kila asubuhi, akishona kidogo tu, ulishika tena. Alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake na gurudumu likarudi nyuma, uzi ukakatika, gauni ikaingia kasoro. Robota lilipungua polepole kuliko siku. Kiptanui alipita kusalimia. "Niaje, mzee," alisema, akasimama kidogo zaidi ya salamu, macho yake yakipima kutoka mlangoni hadi kwenye swichi ya stima.

Nyaruai alikuwepo na mkebe wa chakula. Alimtazama Kiptanui akienda, halafu akamwambia mumewe, "Mimi nitakanyaga."

"Utakanyaga na nini, na mimi nimekaa hapo?"

"Na mikono."

Kibe alisema hapana. Alisema afadhali aende akachunge ng'ombe wa watu kuliko mkewe aingie chini ya meza mbele ya Kitale yote. Nyaruai alimsikiliza mpaka mwisho kwa sababu hakuwa na haraka ya kitu chochote tangu Aprili. Kisha akatandika gunia tupu la mahindi kwenye saruji, akakaa chini ya meza ya cherehani akiwa ameinamisha kichwa, akaweka viganja vyake viwili juu ya pedali.

"Sema twende," alisema kutoka huko chini.

Kibe alikaa. Miguu yake aliitenga huku na huku, mkewe katikati. Alinyoosha kitambaa chini ya sindano.

"Twende."

Mwanzoni ilikuwa vurugu. Nyaruai alisukuma kwa nguvu nyingi mno, mshono ukakimbia kama panya. Akapunguza, uzi ukajifunga. Vijana wa mtaani walikuja kushangaa. Mzee Ngige alisema Kibe naye amenunua mota, tena ya kienyeji, haijui kupotea kwa stima. Watu walicheka sana. Nyaruai alisikia kicheko hicho kikipita juu ya meza na akashangaa kwamba hakikumuuma. Alitambua kwamba ilikuwa miezi tangu kitu chochote kimuume, na hilo peke yake ndilo lililomtisha kidogo.

Kufikia wiki ya pili walikuwa wameelewana. "Twende." "Simama." "Polepole, kona." Maneno hayo yalikuwa mengi kuliko yote waliyoambiana tangu mazishi. Tena yalijibiwa, kwa maana Nyaruai alijibu kwa mikono na Kibe alisikia jibu kwenye sindano. Yeye aliona vitambaa. Mkewe aliona viatu vya watu wakipita. Hakuna aliyeona uso wa mwenzake.

Pengine ndiyo sababu yakaweza kusemwa mengine. Walikuwa wamemaliza gauni za watoto wadogo na kufika kwenye zile kubwa. Mwalimu Wekoye alikuwa ameacha vipimo, lakini Kibe alikata ya darasa la saba bila kuvitazama. Makasi yaliijua njia. Aliingiza kitambaa chini ya sindano na hakusema twende.

Nyaruai alingoja na viganja vyake juu ya chuma. "Ni nini?" aliuliza.

"Hii ni saizi yake."

Barabarani mkokoteni wa mahindi ulipita, mwenye nao akipiga mluzi. Nyaruai alitazama kiatu cha mumewe, kile chenye kamba aliyoifunga yeye asubuhi.

"Alikuwa anapenda kola iwe ya duara," alisema.

"Nilimshonea ya pembe. Ile ya mwisho."

"Aliivaa."

"Nilimwambia ya duara inakula kitambaa." Kibe akarudia, "Kitambaa, Mama Kabura."

Hakuna aliyelia. Haikuwa kama watu wanavyosimulia, kwamba neno likitoka na machozi hufuata. Nyaruai alihisi tu kitu kizito kikikaa vizuri zaidi kifuani, kama mzigo unapohamishwa bega. Mwishowe Kibe alisema twende, naye akasukuma. Gauni hiyo, na nyingine zote za darasa la saba na la nane, zilitoka na kola za duara. Kitambaa cha ziada Kibe alikinunua kwa Kishore kwa pesa yake, na hakuna aliyemuuliza.

*

Ilikuwa ni Desemba ndipo Nyaruai alipogundua kwamba ameamka mwenyewe. Kulikuwa kumepambazuka. Kibe alikuwa amelala chali, miguu imenyooka, hajamwita. Siku iliyofuata hakuitwa tena. Kama ni vidonge, kama ni ule ufunguo wenye kamba nyekundu na maji aliyokuwa akinywa sasa bila hofu, kama ni mapumziko ya mguu wenyewe, hakuna aliyejua, na daktari asingekubali kuapa.

Jioni hiyo Nyaruai alikishika kidonge kiganjani kwa muda mrefu. Alijua anachofikiria na alikionea aibu: alitaka mguu usipone. Ukipona atarudi nyumbani kukaa na kufuli na chumvi. Angeweza kukitumbukiza jikoni katika makaa na hakuna ambaye angejua. Alisimama hapo mpaka Kibe akauliza kama maji yamekwisha. Akampelekea kidonge na kikombe kimejaa.

Kesho yake, chini ya meza, alisukuma pedali ikaenda nyepesi kuliko kawaida. Alidhani amezoea. Akasukuma tena, na chuma kikashuka kabla mkono wake haujafika. Alitazama. Kiatu cha mumewe kilikuwa pembeni mwa vidole vyake, ncha tu, kikikanyaga taratibu, kikimsaidia. Mguu ulikuwa mzima. Ulikwenda na kurudi bila kutetemeka.

Angeweza kutoka. Angeweza kusema, haya, umepona, nipe mkebe wangu niende. Badala yake aliacha viganja vyake pale pale. Juu, Kibe alisema tu, "Polepole, kona," na kona ikaja, wakaipinda pamoja. Walishona hivyo siku zote zilizobaki, yeye akijua, na mumewe akijua kwamba anajua.

*

Mwalimu Wekoye alifika Ijumaa kabla ya Krismasi na pikapu ya kuazima. Alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye l na r zinazobadilishana viti mara kwa mara, kama wengi wa kwao. Aliinua gauni moja juu, akaigeuza, akaisifu kola, akasema hata shure za Bungoma mjini hazina kola kama hiyo. Kisha akainama kuchungulia chini ya meza, akamwona Nyaruai, akamsalimia kwa heshima, akimwita mama.

"Fundi," alisema akiinuka, "watu wameniambia mpaka kule Kamukuywa kwamba mguu wako uko na shida. Sasa ukishindwa, nguo za mwaka ujao nitaleta kwa nani?"

Kishore alikuwa ametoka kuja kushuhudia mzigo ukipakiwa. Deepika alikuwa nyuma yake. Na ng'ambo ya barabara, akijifanya anatazama redio kwenye dirisha la duka, alikuwa Kiptanui. Kibe aliwaona wote. Aliyekuwa chini ya meza hakumwona, lakini magoti yake yaligusa mabega ya mkewe.

"Mguu umepona kweli, fundi?" Kishore aliuliza. "Kama bado, sema bado. Mimi nijue."

Chini ya meza Nyaruai alitoa mikono kwenye pedali akaikunja mapajani. Alijua jibu ni moja tu. Mlango ulikuwa hapo, na mtu wa kuukalia alikuwa ng'ambo ya barabara.

"Umepona," Kibe alisema. "Umepona kabisa."

Na ili waamini, alikanyaga. Gurudumu lilizunguka kwa kasi bila kitambaa, tupu, kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwalimu akapiga makofi. Kishore akasema basi vizuri, sasa mama aende nyumbani apumzike, ameteseka sana huko chini. Alisema kwa wema. Nyaruai alitoka kwa magoti, akakunja gunia lake, akapangusa vumbi kwenye leso aliyojifunga. Deepika akampa chupa nyingine, imejaa, akamwambia wasiache ghafla. Nyaruai alishukuru, akapita mbele ya watu wote na gunia kwapani, na Kibe akainama kutafuta uzi ambao ulikuwa mkononi mwake.

*

Krismasi ilipita. Walikwenda kanisani, wakarudi. Januari wasichana wa yunifomu walijaa barabarani na Nyaruai akajifunza kutembea akitazama chini. Nyumbani chumvi ilikwisha, ikanunuliwa. Kufuli lilishika kutu, wakaongea habari ya kulitia mafuta. Kila jioni alimpa Kibe kidonge na maji, na kila alfajiri aliamka mwenyewe, akasikiliza jogoo wa jirani mpaka amalize. Siku moja alikaa kitandani akafinya mkono wake kwa kucha, kuona. Ulisikia, lakini kwa mbali.

Jioni moja, baada ya kula, alikuwa akisuuza sahani karibu na mlango. Kibe alikuwa ameshameza kidonge chake. Alikunywa maji yote, akaweka kikombe chini, akakaa kitandani. Nyaruai alisikia kamba za kiatu zikifunguliwa.

"Mama Kabura."

"Mm."

"Mguu."

Aliacha sahani ndani ya karai, akapangusa mikono kwenye leso, akaja. Soksi alikuwa ameshaivua mwenyewe. Mguu ulikuwa juu ya kigoda, na yeye akitazama ukutani kwenye kalenda ya mwaka uliokwisha. Nyaruai alipiga magoti sakafuni. Aliweka kiganja kwenye shavu la mguu, mahali anapopajua kuliko anavyojua uso wake.

Lilikuwa laini. Alibonyeza tena, chini kidogo, kisha pembeni. Lilikuwa laini kama unga uliokandwa, bila fundo, bila joto, bila kitu chochote.

Aliinua macho. Kibe bado alikuwa akiitazama kalenda, na kidevu chake kilikuwa kikitetemeka.

"Umeshika sana?" Nyaruai aliuliza.

"Sana."

"Basi tulia." Akashika kisigino kwa mkono mmoja, kwa mwingine akakamata kidole gumba, akaanza kuvuta.